Ugonjwa wa ateri za miguu

Ugonjwa wa ateri za miguu ni hali ambapo mishipa inayopeleka damu miguuni (ateri) inakuwa myembamba au kuziba, hivyo misuli na ngozi hukosa oksijeni ya kutosha. Ni tofauti na ugonjwa wa vena, ambapo damu hufika miguuni lakini hairudi vizuri kwenye moyo.

Sababu

Chanzo kikuu ni lehemu kujikusanya katika kuta za ateri kwa miaka mingi. Hatari huongezeka hasa kwa uvutaji wa tumbaku na kisukari, pia kwa shinikizo la damu na umri mkubwa. Kwa kuwa ateri za moyo na ubongo huathiriwa vilevile, mgonjwa anaweza kupata shtuko la moyo au kiharusi.

Dalili

Wengi hawana dalili. Dalili ya kawaida ni maumivu ya shavu la mguu wakati wa kutembea, yanayoisha baada ya kupumzika dakika chache. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uzee tu. Ugonjwa ukizidi, maumivu huja hata usiku kitandani, na hupungua mgonjwa akining'iniza mguu. Baadaye hutokea vidonda visivyopona na vidole kuwa vyeusi. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu, kwa sababu neva zake zimeharibika.

Mguu ukiuma ghafla, ukawa baridi, ukapauka na kufa ganzi, hiyo ni dharura: damu isiporudishwa ndani ya saa chache, mguu unaweza kupotea.

Utambuzi

Daktari hupapasa mapigo ya damu miguuni, kisha hupima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kuligawanya kwa lile la mkono. Kwa mfano, 84 kwa 140 ni 0.6. Jibu la 0.9 au chini yake huonyesha ugonjwa. Likizidi 1.4, ateri zimekakamaa na kipimo kingine huhitajika.

Matibabu

Hatua ya kwanza ni kuacha tumbaku na kudhibiti kisukari na shinikizo la damu. Mazoezi ya kutembea angalau mara 3 kwa wiki, mpaka maumivu yaje, kupumzika, kisha kuendelea, huongeza umbali ambao mgonjwa anaweza kwenda. Dawa zinazotumika ni pamoja na statini, na aspirini au klopidogreli za kuzuia damu kuganda.

Ikibidi, ateri hupanuliwa kwa katheta, njia iliyoanzishwa na Charles Dotter nchini Marekani mwaka 1964, au damu hupitishwa kando ya kizuizi kwa kutumia vena ya mgonjwa mwenyewe, kama alivyofanya Jean Kunlin nchini Ufaransa mwaka 1948. Kukata mguu ni hatua ya mwisho.

Tahadhari

Soksi za kubana husaidia wagonjwa wa vena, lakini zinaweza kudhuru mguu ambao ateri zake zimeziba. Kukanda kwa maji ya moto hakuzibui ateri, na mguu uliokufa ganzi huungua bila mtu kujua. Mwenye kisukari anashauriwa kukagua nyayo zake kila siku na kutotembea pekupeku.