Suti Moja, Shughuli Tano: Jinsi ya Kuchagua Nguo Fiti Kisii na Nyamira Bila Kuchezwa

Msee wangu, mambo huanza hivi. Jumatano jioni simu inaingia: umeitwa intavyu, ni Jumanne ijayo. Kabla hujamaliza kusherehekea, dem wako anakushow kwamba Jumapili babake anataka kukuona. Mfukoni uko na doo ya suti moja tu. Ukinunua takataka, hiyo doo hairudi, na utachoma picha mara mbili ndani ya wiki moja.

Poa, tulia. Nguo iliyoshonwa vizuri haihitaji jina kubwa kwa lebo. Inahitaji macho yako na dakika tano za kuikagua.

Anza na mabega

Hii ndiyo sheria ya kwanza na ukisahau zingine zote, shika hii. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Ukining'inia chini, unakaa mtoi amevaa koti ya buda. Ukipanda juu, koti inakubana ukinyoosha mkono kusalimia wazee.

Kwa nini mabega? Kwa sababu fundi anaweza kufupisha mikono, kubana kiuno na kukunja longi, lakini kurekebisha mabega ni kufumua nusu ya koti. Bei yake itakuuma na mara nyingi haitoki sawa.

Kagua mambo haya 5 kabla utoe pesa

1. Finya kifua cha koti. Shika kitambaa kati ya kifungo na lapeli, vuta upande wa mbele na wa ndani taratibu. Ukisikia safu ya tatu inaelea katikati, hiyo ni turubai imeshonwa, koti ya miaka. Kama zimeshikana kabisa, imegandishwa kwa gundi. Si mbaya, lakini ikipigwa pasi kali au mvua mara nyingi inaweza kufanya mapovu kifuani.

2. Kunja kitambaa ngumini, hesabu hadi kumi, achilia. Sufu nzuri hujinyoosha yenyewe. Ukibaki na mikunjo kama karatasi, jua ukishuka kwa matatu utakuwa hivyo hivyo.

3. Angalia ndani ya longi, mshono wa nyuma ya kiuno. Kukiwa na kitambaa cha ziada, sentimita 2 ama 3, fundi anaweza kuongeza ukinenepa. Bila hiyo, umekwama na saizi moja.

4. Kama ina mistari ama drafti, iangalie ikikutana pale mfukoni na mgongoni. Mshonaji aliyejali alizilinganisha. Mwenye haraka aliziacha zipishane.

5. Inua nguo kwa mwanga. Utaona matundu ya nondo. Kisha kagua kwapa, kola na katikati ya mapaja, mahali nguo huchoka kwanza. Vuta zipu mara tatu.

Mitush ama fundi?

Daraja Mbili pale Kisii tao huwaka Jumatatu na Alhamisi. Fika asubuhi, wakati bale zinafunguliwa, kwa sababu zile kali, kamera zenyewe, huenda mapema. Koti nyingi za mtumba zina namba za Ulaya, zisikuchanganye: kwa koti toa 10, kwa longi toa 16. Koti 50 ni kifua cha inchi 40, longi 48 ni kiuno cha inchi 32. Lakini beba tepu, maana mwenye nguo wa kwanza anaweza kuwa aliipunguza.

Ukienda kwa fundi, mwonyeshe picha, chukua kitambaa mwenyewe, na omba kuijaribu kabla hajamaliza. Panga siku pia. Fundi akiwa Msabato, na Gusii wako wengi, Ijumaa jua likizama amefunga mpaka Jumamosi jioni. Suti ya Jumapili ipeleke Alhamisi.

Rangi: nyeusi ngoja kwanza

Suti ya kwanza iwe bluu iliyokolea ama kijivu. Nyeusi inakaa poa matangani na usiku, lakini ukivaa koti yake peke yake na longi ya kaki, watu watakuitisha soda. Bluu inaachana na longi yake bila noma: koti na kaki leo, longi na sweta kesho. Tayari una luku tatu.

Vaa kulingana na shughuli

Intavyu: suti kamili, shati jeupe ama bluu hafifu, tai isiyopiga kelele. Mkono wa shati uonekane kama sentimita 1 nje ya koti. Njumu na mshipi zifanane rangi.

Ukweni: hapa utakaa sana, utakula sana, na wazee watakuangalia sana. Longi isibane mapaja. Kama mambo yamefika enyangi, usimzidi mwenye sherehe. Suti ya Kaunda inafaa na haihitaji tai. Ndiyo, Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku Bungeni, lakini kwa baba mkwe si Bungeni.

Kanisa na harusi: hapa rangi inaruhusiwa kidogo. Badilisha shati na tai, suti ni ile ile. Hakuna anayehesabu.

Matanga: kwetu mazishi ni nyumbani, shambani, na shamba letu ni mlima. Rangi iliyokolea, na njumu zenye soli ya mpira. Soli laini ya ngozi kwenye matope ya Gusii itakuangusha mbele ya umati.

Gusii Stadium na mbogi: Shabana walirudi Ligi Kuu 2023 baada ya miaka 17, kwa hivyo wikendi kuna kazi. Suti ibaki kwa keja. Chukua jinzi yenye mshono wa mistari miwili na koti inayozuia mvua.

Usisahau hali ya hewa

Kisii iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Ukipanda Keroka ama Nyansiongo asubuhi, baridi si ya mchezo. Sufu inakupa joto bila kukutoa jasho; poliesta tupu hufanya kinyume, mchana inakupika. Ikilowa, itundike kwa hanga pana mbali na moto. Ukipiga pasi, weka kitambaa chepesi chenye unyevu juu yake, ama itang'aa kama sahani. Na usiiloweke kwa beseni na sabuni ya unga. Mpe dobi anayejua suti.

Hesabu ya mwisho

Suti za bei ya kutupa, tatu, zikichanika zote mwaka huu, umelipa zaidi ya yule aliyenunua moja nzuri na kumlipa fundi. Gawa bajeti hivi kichwani: pesa ya suti, pesa ya fundi, pesa ya njumu. Usimalize yote kwa suti.

Jumapili ikifika, simama mbele ya kioo, inua mikono, kaa chini, inuka. Kama hakuna kinachovuta, enda ukasalimie mzee. Bwakire buya, kisha unyamaze umsikilize. Nguo imeshamaliza kazi yake.