Lusina, Mbuzi na Vijidudu: Historia ya Malisho Yaliyovuka Bahari

Tunaposoma historia ya mimea iliyohama bara hadi bara, tunakutana na mabaharia, wafanyabiashara na serikali za kikoloni. Katika insha hii nitatetea hoja kwamba tumbo la mbuzi nalo ni sehemu ya historia hiyo. Mfano wangu ni lusina, mti ambao wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, pamoja na sisi wa Uganda, tunaufahamu kama malisho.

Asili ya lusina ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wahispania waliupeleka Ufilipino, na baadaye ukaenea katika nchi nyingi za joto. Sifa yake kubwa ni protini: majani yake makavu huwa na protini ya zaidi ya asilimia 20, ilhali nyasi za kiangazi huwa na kidogo mno.

Hata hivyo, mnyama anayecheua hatumii protini kama binadamu. Katika tumbo lake la kwanza, vijidudu huvunja sehemu kubwa ya protini ya chakula na kuigeuza kuwa amonia, kisha huitumia amonia hiyo kujenga miili yao. Vijidudu hao wakisukumwa mbele humeng'enywa, na mnyama hupata protini kutoka kwao. Mwaka 1966, Artturi Virtanen wa Ufini alichapisha matokeo ya ng'ombe waliotoa maziwa huku wakilishwa urea badala ya protini. Kwa hiyo, anayemlisha mbuzi huwalisha kwanza wakazi wa tumbo lake.

Ukweli huu ulijitokeza waziwazi Australia. Majani ya lusina yana sumu iitwayo mimosini. Tumboni hugeuka kuwa kemikali nyingine, DHP, inayozuia kazi ya tezi ya shingo. Mifugo iliyokula lusina kwa wingi ilinyonyoka manyoya, ikatokwa na udenda, ikapata rovu na kukonda. Lakini Hawaii mbuzi walikula mti uleule bila madhara hayo. Protini ilikuwa ileile, na sumu pia.

Raymond Jones, mtafiti wa CSIRO nchini Australia, alitafuta jibu ndani ya mbuzi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipendekeza kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa na vijidudu wanaoiharibu DHP. Yeye na wenzake walichukua majimaji ya tumbo la mbuzi wa Indonesia, na baadaye vijidudu kutoka kwa mbuzi wa Hawaii, wakawapa wanyama wa Australia. Wanyama hao wakaweza kula lusina bila kudhurika. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa rasmi jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones.

Kwangu mimi, funzo la kihistoria ni hili: mbegu ilisafirishwa, lakini wasaidizi wake hawakusafirishwa kila mahali. Sifa za lusina zilipimwa kwa kuangalia jani, wakati nusu ya habari ilikuwa tumboni.

Jambo hili linatuhusu. Katika kaya nyingi za vijijini kwetu, mbuzi ndiye benki: huuzwa muhula unapofunguliwa ili karo ilipwe. Mfugaji aliyeambiwa tu kwamba lusina hunenepesha, kisha akaona mbuzi wake wananyonyoka manyoya, hatawalaumu vijidudu. Atang'oa mti na kuacha kumwamini bwana mifugo. Lakini akielezwa achanganye lusina na nyasi, isizidi takriban asilimia 30 ya chakula, na awazoeshe mbuzi taratibu, atapata faida ya protini bila hasara.

Basi tunapoandika historia ya kilimo chetu, tusiulize tu ni mti gani uliletwa na nani aliuleta. Tuulize pia ni maarifa gani yaliachwa nyuma, na ni nani aliyelipa gharama yake.