Mchezo, Kicheko na Dhamiri

Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii tutafakari pamoja jambo ambalo wengi hudhani halistahili tafakari: mchezo. Je, mtu anapocheza, dhamiri yake huwa imekwenda likizo? Na anayeigiza mwovu kwa kujifurahisha, amekwisha kuwa mwovu? Maswali haya yaliitikisa Marekani kwa miaka mingi, na chanzo chake kilikuwa kisanduku chenye vijitabu vitatu.

Kisanduku hicho kilitoka mwaka 1974 katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Kiliitwa Dungeons & Dragons, na watunzi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiigiza mhusika aliyemtunga mwenyewe. Mwenzao mmoja, mwongoza mchezo, husimulia ulimwengu na hatari zake, na dado huamua kama upanga umepiga au umekosa. Asili yake ni michezo ya vita, ambayo maofisa wa Prussia waliitumia tangu karne ya 19 kujifunza mbinu za kijeshi. Lakini humu mhusika si kipande cha kusogezwa tu. Ana jina, na mwenye jina huulizwa juu ya matendo yake.

Hapo ndipo maadili yalipoingia. Tangu 1974 kila mhusika aliwekwa upande wa sheria, wa vurugu, au katikati. Baadaye wema na uovu viliongezwa, na kufikia 1978 makundi yakawa 9. Alikuwapo pia askari mcha Mungu aitwaye paladini. Kwa kanuni za 1978, akivunja utaratibu kwa kujua, alipaswa kumwendea kasisi, kuungama na kutimiza malipizi. Lakini akitenda uovu kwa kujua na kwa hiari, alipoteza hadhi yake milele. Tazameni, wapendwa: mchezo ulijifunza kitubio, lakini haukuufikia msamaha wote. Mlango ambao kanuni zile ziliufunga, Kanisa huuacha wazi kwa kila atubuye.

Kisha ikaja hofu. Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 katika Chuo Kikuu cha Michigan State alitoweka. Mpelelezi aliyekodiwa na familia alidhani huenda mchezo huo ulimpeleka kwenye mahandaki ya chuo. Kijana alipatikana hai jimboni Louisiana. Masumbuko yake yalikuwa mengine, si mchezo. Lakini uvumi ulikwisha kutangulia. Mwaka 1983 Bi Patricia Pulling, ambaye mwanawe alikuwa amejiua mwaka 1982, alianzisha chama cha kuupinga mchezo huo, akiuhusisha na ushetani. Mwaka 1989, katika toleo jipya, kampuni iliyouchapisha iliwaondoa mashetani vitabuni. Mwaka 1990 mwandishi Michael Stackpole, naye mtunzi wa michezo, alizichambua hoja za mama yule na kuonyesha mapengo yake.

Tusimcheke mama aliyefiwa; machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini uchungu haugeuzi tuhuma kuwa ushahidi. Amri ya nane inawalinda hata wale ambao burudani yao hatuielewi. Waliowaita vijana wale watumishi wa shetani bila kuuliza walivunja amri wakidhani wanaitetea.

Mtakatifu Thomas wa Akwino angetupa njia iliyo bora. Katika Summa yake, akimfuata Aristotle, alifundisha kuwa roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ndio pumziko lake. Aliweka tahadhari tatu: furaha isitafutwe katika maneno au matendo machafu au yenye kudhuru; akili isipoteze kiasi chake; na mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali. Tena aliona kasoro kwa yule asiyecheka kamwe na kuwalemea wenzake kwa ununu wake.

Tukiipima meza ya wachezaji kwa mizani hii, tutaona kwamba hatari haikai hasa katika mashetani ya karatasi. Inakaa kwa mchezaji anayewaibia na kuwadhalilisha wenzake, kisha akajitetea kwamba mhusika wake ndivyo alivyo. Mhusika hana kinywa. Aliyesema ni mchezaji, na aliyeumia ni jirani yake. Wahenga walisema: mzaha mzaha, hutumbua usaha. Wachezaji wenyewe wamelitambua hilo. Wengi wao siku hizi huweka mezani kadi yenye alama ya X, aliyobuni John Stavropoulos. Mtu akiigusa, jambo linalomwumiza huachwa, wala haulizwi sababu. Hawakuacha kucheka, walikubaliana tu kwamba kicheko kisimwache mmoja wao analia.

Basi wazazi, kabla ya kuukataza mchezo wa watoto, ketini mezani nao mcheze walau mara moja, mwone nani anacheka na nani amenyamaza. Nasi sote, iwe kwenye bao, karata au utani wa jumuiya, tujiulize: furaha yangu imemgharimu nani? Kama haikumgharimu mtu, tucheke kwa amani. Nayo ni fadhila.