Michoro ya Wainuiti: picha zinavyoirudisha nyumbani

Kinngait ni kijiji cha kisiwani katika eneo la Nunavut, kaskazini ya mbali ya Kanada. Wakazi wake wengi ni Wainuiti. Hakuna barabara ya kukiunganisha na miji ya kusini. Watu husafiri kwa ndege.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wanakijiji wamekuwa wakiuza michoro yao kwa chama chao cha ushirika. Michache huchaguliwa, ikachapwa nakala na kuuzwa duniani. Bundi wa Kenojuak Ashevak, wa mwaka 1960, aliwekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970. Lakini michoro mingi haikuchapwa kamwe. Ilikaa kwenye hifadhi, makumi ya maelfu ya karatasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hifadhi hiyo ilipelekwa kwenye jumba la makumbusho la McMichael, karibu na Toronto. Iko huko kwa mkopo. Mali bado ni ya ushirika. Karatasi zikapata matunzo, ila zikawa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwa wajukuu wa waliozichora.

Hapo ndipo teknolojia ya picha inaposaidia. Kila mchoro hupigwa picha au kupitishwa kwenye skana, kwa mwanga uliosawazishwa ili rangi zisipotoke. Picha kubwa hutunzwa kama nakala kuu. Nakala ndogo huwekwa kwenye intaneti, ifunguke hata kwenye simu. Karatasi yenyewe hupumzika gizani, kwa sababu mwanga hufifisha rangi na kushikwashikwa huichakaza.

Mradi wa kuweka michoro ya Kinngait mtandaoni unaitwa Iningat Ilagiit, yaani mahali pa familia.

Tukumbuke jambo moja: mashine hunakili mistari na rangi tu. Haijui aliyechorwa ni nani, wala kambi ile ya uwindaji ilikuwa wapi. Maelezo hayo wanayo wazee, na yasipoandikwa kando ya picha, huondoka nao. Vilevile, kuona mchoro kwenye simu si ruhusa ya kuuchapa kwenye fulana na kuuza. Haki bado ni ya msanii au warithi wake.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kupiga picha, na kuwauliza wenye kumbukumbu wakiwa bado hai. Ya pili haisubiri.