Odoyo: Mrushaji wa kasi aliyebeba kriketi ya Kenya mabegani

NI rahisi kupata kiatu cha kandanda sokoni Gikomba. Marobota ya mitumba yanapofunguliwa alfajiri, vijana wa Pumwani, Shauri Moyo na Majengo huchagua njumu kwa bei wanayoimudu. Kiatu cha mrushaji wa kriketi, chenye meno ya chuma mbele na kisiginoni, ni nadra mno, na hata kikichomoza ndani ya robota, muuzaji mwenyewe huenda asijue ni cha mchezo gani.

Hali hiyo inashangaza ikikumbukwa kwamba kutoka Gikomba hadi uwanja wa Nairobi Gymkhana, ukipitia Kariokor na Ngara, hapafiki kilomita 5. Katika uwanja huo, mnamo Februari 24, 2003, Kenya iliilaza Sri Lanka, iliyokuwa bingwa wa dunia mwaka 1996, kwa mikimbio 53. Miongoni mwa waliovaa jezi ya Kenya siku hiyo alikuwa Thomas Odoyo, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekabidhiwa mpira mpya kila timu ya taifa ilipoingia uwanjani kuzuia.

Odoyo alizaliwa jijini Nairobi Mei 12, 1978. Alicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa Februari 18, 1996, mjini Cuttack, dhidi ya India. Alikuwa na umri wa miaka 17. Siku hiyo ilikuwa pia ya kwanza kwa Kenya kucheza mechi rasmi ya kimataifa ya siku moja, na Sachin Tendulkar aliwakaribisha wageni kwa mikimbio 127 bila kutolewa. Kijana wa umri wa kidato cha nne angeweza kurudi nyumbani na kuutupilia mbali mpira. Odoyo hakufanya hivyo.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, yafaa kueleza kazi yenyewe. Mrushaji wa kasi hukimbia hatua nyingi, kisha huurusha mpira mgumu wa ngozi wenye uzito wa takriban gramu 160 kuelekea kwa mpigaji, katika kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 20 hivi. Mkono hauruhusiwi kukunjuliwa kutoka kwenye kiwiko wakati wa kuuachia mpira, kama afanyavyo mtu anayetupa jiwe. Kila anapotua, mguu wa mbele hubeba mara kadhaa uzito wa mwili wake, na ndiyo sababu mgongo, magoti na vifundo vya miguu vya warushaji wa kasi huchakaa mapema. Katika mechi ya siku moja mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10, yaani mipira halali 60. Wale wenye kasi kupindukia hupitisha kilomita 140 kwa saa.

Odoyo hakuwa wa kundi hilo. Kasi yake ilikuwa ya daraja la chini kidogo, na silaha yake ilikuwa mpira ulio mpya. Upande mmoja wa mpira ukitunzwa ung'ae na mwingine ukiachwa ukwaruzike, mpira huo hupinda hewani, na mpigaji aliyekwisha kuamua mahali pa kuupiga hujikuta amechelewa. Ujuzi huu ni mgumu kuutumia Nairobi, jiji lililo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira ukigongwa sawasawa huruka mbali. Ni papo hapo Gymkhana, Oktoba 1996, ambapo Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 pekee. Anayejifunza kurusha katika mazingira kama hayo hana budi kulenga barabara.

Siku iliyoitambulisha Kenya duniani ilikuwa Februari 29, 1996, mjini Pune. Kenya ilipata mikimbio 166, na 37 kati ya hiyo ilikuwa zawadi ya makosa ya West Indies wenyewe. Hakuna mpigaji wa Kenya aliyefikia idadi hiyo. Odoyo aliongeza 24 wakati timu ilipokuwa ikiyumba. Kisha West Indies ya Brian Lara ikatolewa yote kwa mikimbio 93. Rajab Ali na nahodha Maurice Odumbe walichukua wiketi 3 kila mmoja. Wengi waliokuwa kwenye vyumba vya habari enzi hizo waliyasoma matokeo hayo mara mbili kabla ya kuyaamini.

Tangu hapo Odoyo alikua pamoja na timu. Mwaka 1997 Kenya ilifika fainali ya Kombe la ICC mjini Kuala Lumpur, ikashindwa na Bangladesh kwa mpira wa mwisho kabisa. Mwaka 1998 iliishinda India mjini Gwalior, na mwaka 2001 ikairudia India tena huko Port Elizabeth. Magazeti ya kigeni yakampa Odoyo jina la "Botham Mweusi", kwa kuwa alirusha na kupiga kama Mwingereza Ian Botham. Lilikuwa jina la sifa, bila shaka, ingawa ni sifa ya aina ile inayompima Mkenya kwa kipimo kilichochongwa kwingine.

Katika Kombe la Dunia la 2003, lililoandaliwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, alichukua wiketi 4 katika ushindi dhidi ya Canada jijini Cape Town. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya ikapewa pointi. Wapo wanaoitaja sababu hiyo kila mara ili kuipuuza safari nzima ya Kenya hadi nusu fainali. Wanasahau kwamba Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe zilipigwa uwanjani, si ofisini. India ndiyo iliyoikomesha Kenya jijini Durban, Machi 20, kwa mikimbio 91.

Hapo ndipo mambo yalipopaswa kuanza. Badala yake yakaanza kuharibika. Bangladesh, iliyoshinda kwa kipenyo cha sindano mwaka 1997, ilikuwa imekwisha kupewa hadhi ya Testi, zile mechi za siku 5, mnamo 2000, na pamoja na hadhi hiyo fedha na ratiba ya uhakika. Kenya haikuipata. Collins Obuya, shujaa wa ushindi dhidi ya Sri Lanka kwa wiketi zake 5, alipata mkataba na kaunti ya Warwickshire nchini Uingereza, lakini jeraha la goti likamkwamisha. Mwaka 2004 wachezaji waligoma wakidai malipo, na mwaka huo huo Odumbe akapigwa marufuku kwa miaka 5 kwa kushirikiana na mtu wa kamari. Mwaka 2005 chama cha kriketi kilivunjwa na kingine, Cricket Kenya, kikaundwa.

Mpigaji anaweza kukaa nje miezi kadhaa na jicho lake likabaki kali. Mwili wa mrushaji wa kasi hauna subira hiyo: hujengwa kwa mechi baada ya mechi, na mechi ndizo zilizokosekana. Kwa kipimo hicho, alichokifanya Odoyo miaka iliyofuata ni cha ajabu kuliko ushindi wa Pune. Alichezea kikosi cha Afrika dhidi ya Asia. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi isiyocheza Testi kufikisha mikimbio 1,500 na wiketi 100 katika mechi za siku moja. Mwaka 2007 alipiga mikimbio 111 bila kutolewa dhidi ya Canada, na katika mwaka huo Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimtangaza mchezaji bora wa nchi wanachama washirika, tuzo iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza.

Kombe la Dunia la 2011 lilikuwa la tano kwake, na Kenya ilipoteza mechi zote 6. Dhidi ya New Zealand mjini Chennai ilitolewa kwa mikimbio 69. Siku chache baadaye, dhidi ya Pakistan, warushaji wa Kenya walipeleka mipira 37 mbali mno na mpigaji, kila mmoja ukiwa mkimbio wa bure kwa mpinzani. Aliyekumbuka jinsi West Indies walivyotoa zawadi Pune miaka 15 kabla hakuhitaji kuelezwa mahali pengo lilipokuwa. Hapakuwa na kundi la warushaji vijana lililokuwa limelelewa kumpokezana.

Hili ndilo swali ambalo wasimamizi wa mchezo hawakulijibu kwa vitendo. Kizazi cha Odoyo kilitoka katika familia chache: akina Tikolo, Odumbe, Suji na Obuya. Kaka alimfuata kaka uwanjani, na viwanja vyenyewe vilikuwa vya vilabu vilivyoanzishwa na jamii za Kiasia. Familia hizo zilipochoka, mitaa ya Eastlands ilikuwa bado haijafunguliwa mlango, licha ya kuwa ng'ambo tu ya Ngara.

Baada ya kutundika daluga, Odoyo alikabidhiwa ukufunzi wa timu ya taifa mwaka 2016. Februari 2018 timu ilimaliza mkiani katika mashindano ya daraja la pili nchini Namibia na kushushwa. Odoyo alijiuzulu, na nahodha Rakep Patel na rais wa Cricket Kenya, Jackie Janmohamed, wakaachia nyadhifa zao pia.

Rekodi zake zingali vitabuni: zaidi ya mechi 130 za kimataifa za siku moja, zaidi ya mikimbio 2,300, na zaidi ya wiketi 140. Hakuna Mkenya mwingine aliyefikisha wiketi 100. Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi hizo mapema mwaka 2014, iliposhindwa kufuzu huko New Zealand, na tangu Januari 30 mwaka huo haijacheza hata moja.