TV ama Monita? Chanuka Kabla Upeleke Ganji Yako Luthuli

Kuna swali wasee wa wera za mtandaoni huuliza wakiwa tayari na doo mkononi: ninunue monita, ama nichukue tu tivi niunganishe na kompyuta, story iishe? Inakaa swali rahisi. Keja ni moja, meza ni moja, na tivi itakupa pia habari za saa moja na mechi ya wikendi. Monita ya inchi 24 iko pale kwa duka imenyamaza, haina rimoti, mara nyingi haina hata spika. Kando yake kuna tivi ya inchi 32, bei zinakaribiana, na jamaa wa duka anakuangalia tu akingoja uchague. Unaona kabisa anayechukua ile ndogo ni fala.

Mimi niliona hivyo. Nilijinyima miezi minne nikiandikia watu makala, nikaenda tao, nikachukua tivi ya inchi 32, nikapanda nayo mathree nikiwa nimeikumbatia kama mtoi. Wiki ya kwanza raha mtupu. Wiki ya pili kichwa kikaanza kuuma kila jioni. Herufi zilikuwa na kivuli pembeni, "rn" na "m" zinafanana, koma na nukta ni kubahatisha. Nikatuma kazi mbili zikiwa na makosa ya kijinga na huyo mteja hakurudi tena. Nilidhani macho yangu yameanza kudedi. Nikaenda kupimwa, nikaambiwa macho ni fiti. Shida ilikuwa kwa meza.

Wacha nikuchanue kile sikujua.

Pikseli ni ngapi, na zimebanana aje

Picha ya skrini imeundwa na vidoti vidogo vinavyoitwa pikseli. Kwa mtu anayesoma na kuandika, ukubwa wa skrini peke yake hauna maana. Cha muhimu ni pikseli ngapi zinaingia kwa kila inchi. Monita ya inchi 24 ya Full HD iko na pikseli 1920 kwa 1080, na ukipiga hesabu unapata karibu pikseli 92 kwa inchi. Tivi ya inchi 32 ya bei ya chini mara nyingi ni 1366 kwa 768. Hiyo ni kama pikseli 49 kwa inchi. Karibu nusu! Kila herufi inachorwa na vidoti vichache na vinene, ndio maana inakaa imechorwa na mkaa.

Na hapa ndipo watu huingizwa boksi. Kwa katoni imeandikwa "HD" ama "HD Ready", na chini kwa maandishi madogo unaona 1080p. Maana yake ni kwamba tivi inakubali kupokea picha ya 1080p. Haimaanishi kioo chenyewe kina hizo pikseli. Inapokea picha kubwa, inaifinya iingie kwa pikseli 768 za urefu, na kompyuta yako haiambiwi kitu. Mimi nilikuwa nikifungua setingi naona 1920 kwa 1080, najiambia kila kitu kiko sawa. Kumbe skrini ilikuwa inanidanganya kwa heshima. Kwa hivyo usiulize muuzaji kama ni HD. Muulize rezolusheni ya kioo chenyewe, na akikosa kujua, tafuta namba ya modeli iliyobandikwa nyuma kisha uigugo hapo hapo ukiwa umesimama.

Hata tivi ya inchi 32 yenye Full HD ya ukweli inafika tu karibu pikseli 69 kwa inchi. Inasaidia, lakini kwa msee wa kuandika siku nzima bado ni mbali na monita.

Sababu yake si ubaya wa tivi. Tivi imetengenezwa uitazame kutoka kwa kochi, mita mbili hivi ama zaidi. Kwa huo umbali macho hayaoni vidoti. Monita imetengenezwa ikae sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni. Ukileta kifaa cha kochi kwa meza, unakigeuzia kazi.

Sasa kuna tivi moja inayovunja hii sheria, na wasee wengi hawaijui. Tivi ya inchi 43 ya 4K. Hiyo ina pikseli 3840 kwa 2160, na hesabu inakupa karibu 102 kwa inchi. Ni sawa kabisa na kuchukua monita nne za inchi 21.5 za Full HD na kuzipanga mbili juu mbili chini, bila mstari katikati. Kama wera yako ni kueditisha video, kufungua spredishiti kubwa ama kuwa na dirisha nne wazi kwa wakati mmoja, hiyo kitu inabamba. Lakini jua upana wake ni karibu sentimita 95. Meza ya bedsita yenye kina cha sentimita 50 haitaiweza, utakuwa unageuza shingo kama shabiki wa tenisi. Itundike ukutani, usogeze meza nyuma kidogo. Ukienda inchi 55, pikseli zinarudi karibu 80 kwa inchi na upana unapita mita moja na sentimita 20. Hiyo wachia sebule ya mathee.

Tivi hupenda kujua kuliko wewe

Tivi haionyeshi picha vile imepewa. Inaipaka vipodozi kwanza: inanoa kingo, inalainisha mwendo, inaongeza rangi. Kwa sinema ni sawa. Kwa maandishi ni balaa. Kama tayari uko na tivi na huna ganji ya kununua kitu kingine mwezi huu, usiitupe. Kuna vitu unaweza kurekebisha leo usiku.

Kwanza, angalia kama kingo za desktopu zimekatwa, yaani menyu ya chini haionekani vizuri ama imetoka nje ya fremu. Hiyo ni tabia ya zamani ya tivi kuvuta picha ikae kubwa kuliko kioo. Izime. Kwa LG inaitwa Just Scan, kwa Samsung ni Screen Fit ama Fit to Screen, kwa nyingine utaona Dot by Dot. Utaipata kwa setingi za ukubwa wa picha. Hii peke yake inaweza kukata ukungu nusu.

Pili, ile setingi ya Sharpness ishushe hadi kivuli cheupe kando ya herufi kiishe. Kwa tivi nyingi ni sifuri ama karibu hapo.

Tatu, na hii ndiyo wengi hawajui, badilisha jina la mlango wa HDMI liwe PC. Samsung na LG nyingi zina hiyo. Inakaa mchezo wa watoto, lakini tivi ikiona jina PC inaacha vipodozi vingi na inaonyesha rangi kamili kwa kila pikseli. Bila hiyo, tivi nyingi hupunguza habari za rangi, pikseli kadhaa zinagawana rangi moja. Usoni mwa mwigizaji hutaona tofauti. Kwa herufi nyekundu juu ya bluu utaona, zinakaa kama zimelowa maji.

Kwa wasee wa gemu

Vipodozi hivyo huchukua muda. Unabonyeza, tivi inaanza kupika picha, halafu ndio inakuonyesha. Tivi ikiwa kwa hali ya sinema, kuchelewa kunaweza kupita milisekunde 100, na ukiwa FIFA na beshte yako hiyo ndiyo goli unafungwa halafu unalaumu pedi. Washa Game Mode. Kwa tivi nyingi za siku hizi inashuka vizuri hadi mtu wa kawaida hahisi kitu.

Usidanganywe na namba za katoni kama Motion Rate 200. Kioo cha tivi ya kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde, hiyo namba nyingine ni hesabu ya matangazo. Monita za gemu zenye 144 ni 144 za ukweli. Na kama umechukua tivi ya 4K, cheki kompyuta yako: HDMI 1.4 kwa 4K hutoa mara 30 tu kwa sekunde, na mausi itakuwa inaburutika kama ina tope. Unahitaji HDMI 2.0 kuenda juu ili upate 60.

Zile monita za ex-UK

Hapa ndipo msoto wetu unapata jibu. Monita zilizotolewa maofisini ng'ambo, Dell na HP nyingi, zimejaa Luthuli, Moi Avenue na kwa maduka ya kompyuta karibu na Kimathi. Mara nyingi ya inchi 22 itakuachia chenji ukilinganisha na tivi mpya ya 32. Na stendi yake hupanda na kushuka, kitu ambacho tivi haina. Shingo itakushukuru.

Mtego wake ni waya. Nyingi zina VGA, DVI ama DisplayPort, hazina HDMI, na laptopu yako ina HDMI pekee. DVI haina noma, adapta ya bei rahisi inatosha. VGA inataka kigeuzi chenye umeme ndani, si waya tu. DisplayPort ndiyo inapiga watu: ile kebo ya kawaida ya DisplayPort kwenda HDMI inafanya kazi upande mmoja, kutoka kompyuta ya DisplayPort kwenda skrini ya HDMI. Ukiigeuza, giza. Watu wamerudisha monita nzima dukani wakidhani imekufa.

Cheki pia kama ni nzee sana. Zile za taa za zamani huwaka kama zimeamka na hangover, njano na hafifu, zinachukua dakika kadhaa kushika mwanga. Muulize muuzaji akuonyeshe ya LED.

Na mechi je? Tangu Kenya ihamie dijitali mwaka wa 2015, tivi ya zamani bila kingamuzi ni pambo tu. Kwa hivyo kingamuzi chenye HDMI, kikichomekwa kwa monita yenye HDMI, kinakupa chaneli zote zile zile. Ongeza kaspika kadogo na mathee akija kukutembelea hatajua tofauti. Mwaka wa pili sasa natazama hivyo.

Stima nayo si ya kupuuza kama unanunua tokeni mwenyewe. Monita ya LED ya inchi 24 hula takriban wati 20. Tivi ya 43 ya 4K inaweza kula mara nne ya hiyo. Kwa masaa nane ya wera kila siku, zidisha mwenyewe. Wati zimeandikwa nyuma ya kila moja.

Na tivi za OLED, hata kama ungekuwa na chapaa, si za kuacha menyu ya kompyuta imesimama pahali pamoja kutwa. Alama yake inaweza kubaki kwa kioo milele.

Siku ya kununua, beba laptopu yako. Fungua ukurasa mweupe, andika sentensi mbili kwa herufi ndogo nyeusi, halafu moja nyekundu juu ya bluu. Kaa mbele yake sentimita 60, vile utakaa kejani, si kusimama mlangoni pa duka. Weka picha nyeupe, nyeusi na nyekundu zijaze skrini yote utafute vidoti vilivyokufa. Muuzaji akikuambia hana muda wa hiyo, duka la pili liko hatua kumi mbele.