Nguvu Inayopotea Ndani ya Mafuta: Historia ya Trekta za Haidrostatiki

Upitishaji wa nguvu wa haidrostatiki ni ule unaoachana na gia za kubadilishwa kwa klachi, na badala yake kuifikisha nguvu ya injini kwenye magurudumu kwa njia ya mafuta yaliyoshinikizwa. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta, mafuta huzungusha mota iliyounganishwa na ekseli, kisha hurudi kwenye pampu na kuanza safari upya. Dereva anapokanyaga pedali huibadilisha pembe ya sahani ya mshazari iliyomo ndani ya pampu: kadiri sahani inavyoinama ndivyo pistoni zinavyopiga mapigo marefu na trekta kwenda kasi, ikinyooka, mafuta hayasukumwi na trekta husimama, ikiinamia upande wa pili, trekta hurudi nyuma bila gia yoyote kuguswa.

Kanuni iliyo chini ya mtambo huu, kwamba shinikizo lililotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea kote bila kupungua, ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kujipatia hataza ya mashine yake ya kushinikiza kwa maji mwaka 1795. Hata hivyo, mtambo wenyewe haukuzaliwa shambani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani Harvey Williams na Reynold Janney walitengeneza pampu na mota za pistoni zilizotumia mafuta badala ya maji, na wateja wa awali walikuwa wanamaji wa kivita, waliohitaji kuinua na kugeuza mizinga mizito ya meli polepole na kwa usahihi. Kwao, nguvu kidogo iliyopotea njiani haikuwa hoja, kwa sababu lengo lilikuwa mzinga utii. Mkulima, anayelipia kila lita ya dizeli, asingeweza kuwa na uvumilivu huo.

Ndiyo maana trekta ilichelewa. Mwaka 1954 taasisi ya taifa ya uhandisi wa kilimo ya Uingereza, iliyokuwa Silsoe, ilionyesha trekta ya majaribio ambayo mota za mafuta zilikaa ndani ya magurudumu yenyewe. Mwaka 1961 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilitoa HT-340, trekta ya majaribio iliyounganisha upitishaji wa haidrostatiki na tabaini ya gesi, injini inayozungushwa na hewa ya moto kwa kasi kubwa mno. Tabaini hiyo ilikuwa na kelele na ilikula fueli kupita kiasi, na trekta ikaishia kwenye makumbusho ya Smithsonian. Upitishaji wake ndio uliosalia, na mwaka 1967 kampuni hiyo hiyo iliuza trekta ya 656 yenye mfumo wa haidrostatiki kwa wakulima wa kawaida.

Hapo ndipo lawama za upotevu wa nguvu zilipoanza, na msingi wake ni wa kweli. Tangu mwaka 1920 Chuo Kikuu cha Nebraska kilikuwa kikizipima trekta chini ya sheria ya jimbo, kikitofautisha nguvu inayopatikana kwenye mkanda, na baadaye kwenye shafti ya nyuma inayozungusha zana, na ile inayobaki pale trekta inapovuta mzigo. Utaratibu huo uliziweka wazi trekta za haidrostatiki: gia nzuri hufikisha zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya injini, ilhali mfumo wa haidrostatiki mara nyingi hufikisha asilimia 80 au chini ya hapo, na kinachopungua hugeuka joto. Kwa kulima kwa plau kutwa nzima, hiyo ni hasara isiyo na utetezi. Fendt ya Ujerumani ilipoleta trekta yake ya Vario mwaka 1995, iliipitisha sehemu tu ya nguvu kwenye mafuta na nyingine kwenye gia, jambo ambalo kwa hakika ni kukiri kwamba mafuta peke yake hayatoshi kwa trekta kubwa.

Kwenye trekta ndogo hukumu ilikuwa kinyume. Mashine za bustani za Marekani, kama Cub Cadet 123 na John Deere 140 za miaka ya 1960, na baada yake trekta ndogo za Kijapani, hufyeka nyasi na kubeba udongo kwa sepeto la mbele, kazi za kwenda na kurudi ambazo klachi huzifanya ziwe adhabu. Mnunuzi aliikubali hasara ya kuzaliwa nayo, na fundi akarithi swali gumu zaidi: ni lini upungufu huo ni tabia ya mtambo, na ni lini ni ugonjwa?

Njia ya kulijibu inafanana na ile ya Nebraska. Ikiwa mashine ya kufyekea inayoendeshwa na shafti ya nyuma inakata nyasi nzito bila kusita huku magurudumu yakilegea kwenye mwinuko, injini haina hatia. Trekta ikikwama na injini ikashusha sauti hadi kutaka kuzima, mafuta yanafikisha mzigo, na pengine dereva amekanyaga pedali mno. Wengi huidhania kuwa ya kasi kama ya gari, kumbe kuiachia kidogo ndiko kunakoongeza nguvu ya kuvuta. Magurudumu yakisimama huku injini ikiendelea kuvuma kana kwamba haina mzigo, mafuta yanapenya mahali ndani ya pampu, mota au vali ya usalama.

Joto nalo hutoa ushahidi. Kati ya pistoni na nyumba zake kuna mwanya mwembamba kuliko unywele, ambamo mafuta kidogo huvuja kwa makusudi ili kulainisha, na pampu ndogo ya kujazia huyarudisha kupitia filta. Trekta inayovuta vizuri asubuhi na kulegea baada ya saa moja kwa kawaida imechakaa, kwa kuwa mafuta ya moto huwa mepesi na mwanya uliopanuka huyaachia. Iliyo dhaifu tangu kuwashwa, tena ikilia kwa mvumo mkali, yaelekea ina filta iliyoziba, mafuta pungufu, au hewa inayovutwa kwenye bomba. Mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji. Kwa hiyo fundi makini huanza na kimo cha mafuta, filta na vyuma vinavyounganisha pedali na sahani, kisha hufunga geji kupima shinikizo la pampu ya kujazia, na pampu kuu huifungua mwisho. Hata ikithibitika kuwa imekwisha, kuibadilisha peke yake hakutoshi: chembe za chuma zilizobaki kwenye mabomba na kwenye kipozea mafuta zisiposafishwa, pampu mpya nayo itachakaa mapema.